Pacha Haliliwi

Ngulyati, alasiri

Mwanangu Kulwa,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi vitamu vitano, ukamtania baba yako kwamba kamba aliyolifungia sanduku lako ingetosha kufunga fahali wawili, kisha ukapanda baiskeli kwenda Nkoma kumuaga mjomba wako. Namjua mjomba wako na maneno yake, hutarudi kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nina saa tatu au nne, na nimeketi hapa mlangoni ili nikuone utakapotokea kwenye njia ya pamba.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kutokuazima sabuni, ya wavulana wa chuoni, umeshaambiwa na shangazi zako mpaka ukapiga miayo. Mimi nina jambo moja. Jumapili iliyopita, tukiwa tunakula, uliniuliza, "Mama, hivi wewe ulimlilia Doto?" Nami nikakujibu umalize chakula, kinapoa. Ulinitazama kidogo, ukainama, ukala. Hukuuliza tena.

Wiki nzima nimetaka kukujibu, mdomo ukagoma. Jumanne nilikufuata mpaka kisimani kwa ajili hiyo hiyo, nikaishia kukuuliza kama umechukua sindano na uzi. Kesho alfajiri unapanda basi, unakwenda kusomea uuguzi safari ya siku mbili kutoka hapa, na sitaki uondoke ukiamini kwamba mama yako alizika mtoto na macho yakabaki makavu kwa sababu hakuumia. Pengine mkono utaweza kilichoushinda mdomo.

Nianze na Doto mwenyewe, maana ni miaka kumi sasa nyumba hii haimtaji, na naogopa umeanza kumsahau. Mlizaliwa miaka ile ya foleni, wakati duka la ushirika likipata kitambaa linapata jora moja tu, rangi moja. Kila mtu anakata hapo hapo. Ninyi mlivaa sare kwa kuwa ni mabasa, na desturi yetu inataka mapacha wafanane, lakini hata mwenyekiti wa kijiji na mkewe walivaa kitambaa hicho hicho. Kijiji kizima kilikuwa mapacha. Bibi yako aliisimamia desturi hiyo kama askari. Wewe ukipewa muwa, Doto apewe muwa. Doto akinunuliwa kandambili, na wewe ununuliwe siku hiyo hiyo. Alisema ukimpunja mmoja unamfungulia mlango aondoke.

Wewe ulikuwa mtulivu. Doto alikuwa kelele tupu. Mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji wa kwaya pale kigangoni, na yeye aliketi benchi la mbele akaimba kwa sauti kunishinda, maneno hayajui, anatia ya kwake. Wakati wa mavuno mlikuwa mnalala juu ya lundo la pamba chumbani, na asubuhi alitoka na nyuzi nyeupe kichwani akasema ameshazeeka, kwa hiyo mimi ndiye nipige magoti nimwamkie. Nilipiga magoti, mwanangu. "Mwangaluka, mayu," nikamwambia, naye akaniitikia kwa sauti ya kizee mpaka baba yako akacheka chai ikampalia. Kuandika haya kumenifanya nicheke peke yangu hapa mlangoni. Bibi yako amenitazama kutoka jikoni.

Alikufa mwaka ule magari ya wanunuzi binafsi yalipofika Ngulyati mara ya kwanza. Unakumbuka watu walivyokimbilia barabarani, maana tulizoea mizani moja tu, ya chama, na sasa zilikuwa mbili, tatu, zinagombea pamba yetu. Doto alikuwa na homa siku ya pili. Aliyasikia magari, akaniomba nimbebe mgongoni akayaone. Nilimwambia ayaone akipona, yatarudi tu. Usiku ule homa ikampanda kichwani, tukampeleka Bariadi kwa baiskeli baba yako akisukuma, na kesho yake jioni tukarudi naye amefunikwa kanga yangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jibu lako.

Tulipofika nyumbani, kabla sijafungua kinywa, bibi yako alinishika mabega yote mawili. Akaniambia, "Pacha haliliwi. Ukimlilia aliyekwenda, aliyebaki atasikia anaitwa." Usimwone mkatili. Bibi yako alikuwa na wadogo zake mabasa. Mmoja alipofariki mama yao alilia siku nzima na usiku, na mvua hazijaanza akamzika wa pili. Bibi aliyaona hayo akiwa msichana. Alikuwa anakulinda wewe.

Mimi ningeweza kumbishia, maana mimi ni mbatizwa na yeye sivyo. Lakini upande wa kanisa nako mlango ulikuwa umefungwa. Katekista, mtu mwema ambaye hadi leo namheshimu, alikuja kutuombea, akasema mbele ya watu wote kwamba Mkristo hujulikana msibani, kwamba wenye tumaini hawaangui vilio. Hakuwa na ubaya. Alitaka kuwatuliza wanawake wasijigaragaze. Lakini mimi nilisikia kwamba machozi yangu yatamuua mwanangu wa pili upande mmoja, na upande wa pili yatamwaibisha Mungu. Nikayameza.

Na kuna jambo jingine ambalo nimemwambia padre tu kwenye kitubio, sasa nakwambia wewe. Wanawake walipokuwa wanapika nje walinong'ona kwamba Mama Kulwa ana imani kweli kweli, mwone alivyojikaza. Nilisikia. Na nilipenda kusikia. Mtoto wangu yuko ndani amelazwa mkekani, na mimi moyoni nilifurahia kusifiwa. Nimejichukia kwa hilo kuliko kwa lolote nililofanya maishani, ukiacha hili linalofuata.

Kaburini, udongo wa kwanza ulipoanguka, ulianza kulia. Ulikuwa na miaka tisa, umevaa gauni la sare na lake. Ulilia ukimwita. Nami nikaupitisha mkono chini ya kanga nikakufinya paja, nikafinya kwa kucha, mpaka ukanyamaza. Sijui kama unakumbuka. Mimi huwa nauona mguu wako ule kila ninapopiga magoti kanisani. Ulinyamaza siku ile na kimya hicho ndicho umekua nacho. Watu husema Kulwa ni mpole, na mimi hunyamaza, maana najua upole huo ulitoka wapi.

Baada ya hapo tukaliondoa jina lake. Kandambili zake bibi yako alizificha, sikuuliza wapi. Baba yako alikaa machungani na ng'ombe miezi miwili, anarudi jioni macho mekundu anasingizia vumbi. Yeye alikuwa na pa kulilia, porini. Mimi nilikuwa na kwaya. Jumapili iliyofuata nilisimama nikaimbisha kama kawaida, watu wakazidi kunistaajabia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio chenyewe ndicho nilichokuwa nakificha. Mboga nilitia chumvi mara mbili. Nilimfokea kila mtu, hata kuku. Rozari niliisali mbio mbio kama mtu anayekimbiza basi, kwa sababu nikipunguza mwendo nilisikia kitu kinapanda kifuani. Nikawa nasali ili nisisikie. Miezi mingapi nilidhani hiyo ndiyo imani, kujikaza mpaka usisikie kitu.

Halafu pamba ikauzwa, nikaenda mnadani Bariadi kukununulia gauni la sikukuu. Miaka hiyo vitambaa vya duka la ushirika vilikuwa vimekwisha, mitumba imejaa chini, rundo kama kichuguu. Niliinama pale nikaanza kuchambua. Nilichambua asubuhi nzima. Nilipata gauni la maua mekundu, nikaliweka begani, nikaendelea kutafuta. Muuzaji alinivumilia, mwishowe akaniuliza natafuta nini hasa. Nikamwambia natafuta lingine kama hili. Akacheka bila ubaya wowote, akasema, "Mama, mitumba haiji miwili miwili. Chukua hilo moja uende."

Nilikuwa nimelitafuta la Doto. Asubuhi nzima mikono yangu ilikuwa inamtafutia Doto gauni, na mimi sijui.

Sikumbuki kulipa. Nakumbuka nilitembea kwa miguu mpaka Ngulyati, gauni mkononi, na sikupita nyumbani kwa sababu bibi yako angeniona usoni. Niliingia kanisani. Ilikuwa Ijumaa, hakuna mtu ila Mama Sayi anafagia. Unamkumbuka marehemu Mama Sayi, mwenye ugoro, aliyegombana na nusu ya jumuiya yetu kwa sababu ya kuku waliokula mtama wake. Si mtu ambaye ungemfuata ukitaka neno la Mungu. Hakuwa akijua hata kusoma. Nami sikumpenda sana, nakiri.

Niliketi benchi la nyuma. Alinitazama, akalitazama gauni, akaendelea kufagia mpaka akafika miguuni kwangu. Akaegemea ufagio. "Mayu," akaniambia, "mimi namlilia mwanao tangu siku mliyomzika. Niliona mtoto anafukiwa na hakuna jicho linalotoa machozi, nikasema haiwezekani. Kila Ijumaa nikifagia hapa namlilia. Sasa nimechoka, na mimi nina wafu wangu. Lia wewe."

Akaenda akafunga mlango wa kanisa, akarudi akaketi kando yangu, akanusa ugoro wake.

Nililia, Kulwa. Hilo ndilo jibu lako. Nililia mpaka sauti ikaisha, nikalala kwenye lile benchi kichwa kikiwa mapajani mwa mwanamke niliyekuwa simpendi. Hakuniambia jikaze. Hakuniambia ni mapenzi ya Mungu, wala kwamba Doto sasa ni malaika. Alinishika kichwa, akakaa. Jua lilipoanza kushuka aliniuliza kama nimeshakula, nikasema bado, tukaenda kwake tukala michembe ya viazi na maziwa ya mgando. Kila Ijumaa tangu siku hiyo nilikwenda kufagia naye, na wewe ulidhani mama yako amekuwa mcha Mungu kupita kiasi. Nilikuwa nakwenda kulia.

Sitakuhubiria, hubiri utalisikia huko. Nakwambia tu nilichokiona. Siku zile nilizokuwa nimejikaza, Mungu alikuwa mbali nami kama mnunuzi anayesubiri pamba nzuri tu. Nilimpelekea uso uliooshwa. Ijumaa ile sikuwa na kitu cha kumpelekea, nilikuwa na kamasi na gauni la mtumba, na hapo ndipo nilipojisikia nimeshikwa. Sikujibiwa kwa nini Doto afe. Sijajibiwa hadi leo, na ninapouliza nauliza kwa ukali. Lakini sikuwa peke yangu ndani ya swali lile, na nimegundua kwamba mtu anaweza kuishi miaka mingi na swali kama ana wa kukaa naye. Ndiyo maana sikuacha kanisa, hata mwaka ule bei ilipoanguka, pamba ikaoza ghalani na wanunuzi wote wakatukimbia, na baba yako akauza fahali wake wa jembe.

Wewe utakuwa muuguzi. Watakuja akina mama wamebeba watoto waliofunikwa kanga. Usiwaambie wajikaze. Kama una dakika mbili, vuta kiti.

Sasa utaniuliza, mama, kama ulilia, mbona mimi hukuniambia? Miaka kumi yote? Hapa utanicheka, na una haki. Mimi mwimbishaji wa kanisa, mwenye rozari mbili, nilikuwa namwamini bibi yako nusu. Niliogopa. Kila ulipopata homa nilikaa macho nikijiuliza kama umenisikia Ijumaa nikilia, kama umeitwa. Novemba kila mwaka, mwezi wa kuwaombea marehemu, tunaandika majina ya wafu wetu tunayapeleka altareni. Nimeandika baba yangu, mama yangu, kaka zangu, hata Mama Sayi alipofariki nilimwandika. Doto sijawahi kumwandika. Kalamu ilifika hapo ikasimama. Nilikuwa nikimlilia kwa siri na kumficha hadharani, na wewe ukakua katikati, huna ruhusa ya kuwa na pacha. Nisamehe. Nimeandika neno hilo dogo, sina kubwa zaidi.

Nimekukumbuka kabla hujaondoka, unajua hilo? Wiki hii nikikuona unakunja nguo naona mikono minne. Kesho nikirudi kutoka stendi nyumba itakuwa imebaki bila ninyi wawili, na kwa mara ya kwanza nitawakumbuka ninyi wawili pamoja. Naihofia siku hiyo, tena sana.

Lakini sikiliza nilichofanya jana. Nilikwenda kwa katekista. Padre anakuja kigangoni Jumapili hii, na katekista anaandika nia za misa. Nikamwambia aandike Doto. Akaniuliza, marehemu Doto? Nikasema ndiyo, marehemu. Neno lilinitoka kinywani kwa mara ya kwanza, nami nikaogopa, kwa sababu nilikuwa nimelitoa wakati gani? Wakati unaondoka. Wakati wewe unakwenda mbali ambako nikisikia unaumwa siwezi hata kukufikia. Ningeweza kungoja ufike salama, umalize mwaka, ndipo nimtaje. Nilirudi nusu ya njia nikifikiria kwenda kumwambia afute. Nilisimama pale kwenye mtaro, nikasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, nikaendelea na safari ya nyumbani. Sikufuta.

Kisha nikamwambia bibi yako. Nilitegemea ugomvi. Alikuwa anapepeta choroko, akaendelea kupepeta mpaka nikadhani hakusikia. Mwishoni akasema, "Mkimtaja, na huyu akafika salama huko, basi nitajua." Hakusema atajua nini. Asubuhi hii, ulipokwisha kuondoka kwenda Nkoma, ameniuliza kanisani wanawake huketi upande gani. Amezaliwa hapa hapa, ameishi miaka themanini hatua mia tatu kutoka lile kanisa, hajawahi kuingia. Nikamwambia upande wa kushoto. Akasema sawa.

Kwa hiyo Jumapili tutakuwa huko, mimi na yeye, na jina litasomwa kwa sauti, na mimi nitalia mbele za watu, kwaya itafute mwimbishaji mwingine siku hiyo. Wewe utakuwa umeshafika chuoni. Misa yetu huanza saa tatu. Popote utakapokuwa saa hiyo, mlilie pacha wako. Mwite kwa jina, kama ulivyomwita siku ile. Hakuna mkono wangu chini ya kanga safari hii. Ukimaliza, nawa uso, ule, ulale, na Jumatatu uende darasani.

Halafu uniandikie. Usiandike barua ndefu, nina haraka nayo. Andika kwamba umemlilia Doto, na kwamba wewe ni mzima. Bibi yako hajui kusoma. Nitamsomea.

Mama yako,
Mama Kulwa na Doto